Udongo Ulaya Juu ya Tofali Mbichi

Historia ya Chunya imeandikwa kwa wakia. Mwaka 1922 dhahabu ilionekana Lupa, miaka kumi baadaye mto ule na vijito vyake vilikuwa vimejaa watu wa kuchekecha mchanga, mwaka 1939 mgodi wa New Saza ukaanza kuzalisha, mwaka 1956 ukafungwa. Hata ukifungua kitabu kikubwa cha John Iliffe cha mwaka 1979 kuhusu historia ya Tanganyika, Lupa utaikuta kwa habari za dhahabu na vibarua. Nyumba walizolala watu hao hazijapata mwandishi.

Mimi nimelazimika kuzitafuta kwa sababu ya jambo dogo la kifundi. Ukoo wetu unataka kuivika mbao nyumba ya marehemu babu, pale Chunya mjini, na tumebishana miezi kadhaa juu ya kitu ambacho mgeni yeyote akija hatakiona: kile kitakachokaa kati ya ukuta wa zamani na mbao mpya, ili unyevu usiingie. Au ili unyevu usibaki. Nilidhani hayo ni maneno mawili ya kitu kimoja, na kila niliyemuuliza naye alinijibu hivyo hivyo. Si kitu kimoja hata kidogo, na karibu historia yote ya ujenzi wa mji wetu imo katika tofauti hiyo.

Nyumba yenyewe ni ya tofali mbichi, yaani tofali zilizofyatuliwa kwa udongo wa kichuguu na kukaushwa juani bila kuchomwa. Kuta ni nene, mtu mzima akikaa dirishani miguu yake haining'inii nje. Msingi ni wa mawe. Katika miaka ya 1980 ilipigwa lipu ya saruji nje kote, na leo ukiigonga lipu hiyo kwa kidole, sehemu nyingi zinalia kama debe tupu. Chini, kimo cha goti, ukuta umevimba. Chumvi nyeupe imetoka kama unga. Nyuma ya uvimbe huo ndipo kilipo kitanda cha bibi, ambaye amesema wazi kwamba hahami. Na kila msimu wa mvua tunasikia, mahali fulani hapa nchini, ukuta wa tofali mbichi umelala usiku juu ya watu waliolala. Kwa hiyo msomaji usidhani tunabishana kuhusu urembo.

Turudi Lupa. Wenyeji wa upande huu, Wakimbu na Wabungu, walijenga kwa miti, fito, udongo na nyasi, kama walivyojenga majirani zao wengi. Kiswahili kina vitenzi viwili vizuri kwa kazi hiyo ambavyo vijana wa sasa hawavijui: kukandika, yaani kujaza udongo kati ya fito mpaka kiambaza kisimame, na kusiriba, yaani kupaka udongo laini juu ili ukuta uwe na uso. Kukandika hufanywa mara moja. Kusiriba hakuishi. Mvua ikipita na mavuno yakiisha, ukuta husiribwa tena, na mwakani tena, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake: kuchimba udongo, kuuchekecha, kuuponda kwa miguu, kuteka maji, kupaka kwa kiganja. Naomba ulikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Wachimbaji walipomiminika, mambo yalibadilika upesi. Dunia ilikuwa katika mdororo wa uchumi ulioanza 1929, watu hawana kazi, huku bei ya dhahabu inapanda. Uingereza iliiachanisha pauni na dhahabu mwaka 1931, na Marekani mwaka 1934 ikaipandisha wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mamia ya Wazungu na maelfu ya Waafrika walijaa katika mapori haya ya miombo. Mbeya yenyewe, mji tunaoutegemea kwa kila kitu, ulianzishwa mwaka 1927 ukiwa mlango wa kwenda kwenye dhahabu hiyo. Ila reli haikufika huku. Treni iliishia kwenye reli ya kati, na mzigo ukaja kwa lori, ama kutoka Itigi kupitia mapori, ama kutoka Dodoma kwa kuzungukia Iringa na Mbeya, halafu ukaipanda safu ya milima ya Mbeya na kuteremka huku. Fikiria mfuko wa saruji umepita njia hiyo wakati wa mvua. Ukifika, umeshakuwa jiwe.

Ndiyo maana nguo ya kwanza ya kigeni ya nyumba za huku haikuwa saruji, ilikuwa chuma. Bati la migongo ni wazo la Mwingereza, Henry Robinson Palmer, aliyelisajili mwaka 1829 akifanya kazi katika bandari ya London. Mfaransa Stanislas Sorel akaonyesha mwaka 1837 jinsi ya kulikinga na kutu kwa zinki. Bati linapangana, halioti ukungu, halivunjiki likirushwa kutoka kwenye lori, na ukihama unaling'oa na kuondoka nalo. Kwa mtu anayefuata dhahabu kutoka kijito hadi kijito, hakuna kitu bora. Aliyekosa bati alitumia madebe. Mafuta ya taa na petroli yalikuja katika debe za galoni nne, mbili mbili ndani ya sanduku la mbao. Debe likiisha lilipasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likawa paa au ukuta. Sanduku likawa kabati, au mlango wa jiko. (Neno debe lenyewe lilikuja na Wahindi wenye maduka, kama lilivyokuja neno lipu. Fundi wa Kiswahili anajenga kwa kamusi ya Kihindi bila kujua.)

Lakini bati lina tabia moja ambayo kila aliyelala chini yake anaijua: linatoka jasho. Chunya kipupwe kikali huja Juni na Julai. Usiku bati hupoa kuliko hewa ya ndani, na pumzi za watu pamoja na mvuke wa chungu hugusa chuma kile baridi na kugeuka matone. Waliobandika madebe juu ya kiambaza cha udongo waligundua jambo la ajabu. Mvua haikuingia tena, na bado ukuta ulilowa. Ulilowa kutoka ndani, halafu maji hayakuwa na njia ya kutokea. Udongo uliozoea kukauka kwa upepo ulikuwa umefungiwa chumbani na jasho lake. Huo ndio ulikuwa mgogoro wetu wote, miaka tisini kabla hatujaanza kubishana.

Saza ilipofungwa, mji ulibaki na watu wake, mahindi na tumbaku, na wachimbaji wachache wenye makarai. Babu alijenga katika kipindi hicho. Tofali mbichi za kichuguu zilikuwa za bure kwa mwenye mikono, bati kuukuu zilipatikana kwa bei ndogo kutoka kwa waliokuwa wanahama, na nyumba ikasimama na upenu mrefu kuzunguka pande zote. Upenu ule ndio uliokuwa kinga yake ya kwanza. Maji yalianguka mbali na ukuta. Yale machache yaliyougusa yaliingia kidogo, na jua la mchana likayatoa. Ukuta wa udongo hauchukii maji, msomaji. Unayapokea na kuyarudisha, mradi uachiwe nafasi ya kuyarudisha.

Sasa tuje kwenye saruji, maana hapa ndipo lugha inaponipa raha. Neno hilo tunalitumia kwa unga wa kijivu wa mfukoni, uliopewa hataza Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin, fundi uashi aliyeuita kwa jina la jiwe la Portland. Neno, hata hivyo, ni la kale kuliko mfuko. Lilitufikia kwa njia ya Waarabu kutoka Uajemi, na huko Uajemi na Oman saruji ni kitu kingine: udongo wa mfinyanzi uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, ukatumika kusiriba mifereji ya maji ya aflaji, mabirika na kuta za ngome. Ni kinga ya maji, lakini ya udongo na chokaa, iliyo laini kiasi cha kuishi pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Pwani yetu ilijua kanuni hiyo hiyo. Nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na watu wanaozihifadhi wamekuwa wakilia kwa miaka na mafundi wanaopiga saruji ya mfukoni juu ya kuta zile, kwa sababu zinafungiwa chumvi na unyevu kisha zinameguka kutoka ndani. Yaani jina la dawa ya zamani tumelibandika kwenye kitu kinachoua kile ambacho dawa ya zamani ilikilinda.

Wazee wa Chunya hawakuiita saruji. Waliiita udongo ulaya, kama walivyoitwa watu wengi wa bara. Jina hilo limeingia hadi kwenye siasa. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wananchi wanaacha tofali za kuchoma na vigae wanavyoweza kutengeneza wenyewe, wanakaa kungoja bati na udongo ulaya. Aliona ni ugonjwa wa akili kupooza. Kwa upande wa hesabu hakukosea. Nchi ilikuwa na kiwanda cha Wazo, kilichoanza 1966, na saruji haikutosha. Watu wa umri wa baba zangu wanakumbuka kupanga foleni kwa kibali cha mifuko mitatu. Na mfano wa tofali za kuchoma ulikuwepo hapa hapa nyanda za juu tangu Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 na kuanza kujenga.

Nakubaliana na Mwalimu kwa mengi, lakini hoja yake inampita mtu mmoja: yule anayesiriba. Nilimuuliza bibi kwa nini walipiga lipu, nikitegemea aniambie habari za fahari, majirani, nyumba bora. Akanionyesha viganja. "Mjukuu wangu, nilisiriba nyumba hii kila mwaka tangu niolewe. Nikiwa na mimba nasiriba. Saruji ilipokuja nilisema basi." Kiwanda cha saruji cha Songwe, karibu na Mbeya, kilikuwa kimeanza kutoa mifuko mwanzoni mwa miaka ya 1980, na babu alipopata ya kwake aliitumia nje, si sakafuni, kwa sababu mkewe alitaka ukuta usiomdai tena. Ugonjwa wa akili? Hapana. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyechoka, na kwa miaka kama kumi na tano ulifanya kazi aliyoiagiza.

Baadaye ndipo deni likaanza kudaiwa. Lipu ya saruji ni ngumu na tofali mbichi ni laini. Jua likipiga, kila kimoja kinatanuka kwa namna yake, na lipu ikapata nyufa nyembamba kama nywele. Mvua inaingia kwenye nywele hizo kwa urahisi na haipati njia ya kutoka. Maji mengine hupanda kutoka ardhini kupitia msingi, kama mafuta yanavyopanda utambi, na zamani yangetokea usoni mwa ukuta na kukauka. Sasa yamekutana na saruji, yakasimama, yakateremka na kukusanyika chini. Chumvi ya udongo inabaki na kusukuma lipu. Tofali la chini likilowa vya kutosha linarudi kuwa lile tope lililofyatuliwa. Hapo ndipo ukuta unapovimba, na hapo ndipo kitanda cha bibi kilipo.

Ukoo ulipokutana kulikuwa na pande tatu. Baba mkubwa alitaka ivunjwe, ijengwe ya bloku. Shangazi alitaka iachwe bibi amalize siku zake, sentensi ambayo bibi aliisikia kutoka chumbani na kuijibu vilivyo. Baba mdogo, ambaye amefanya kazi ya mbao upande wa Mafinga, alitaka ivikwe mbao. Pale Mufindi kuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill, mkubwa kuliko yote nchini, na paini yake ndiyo inayojenga nusu ya nyanda za juu: mbao kwa wenye uwezo, mabanzi kwa wengine. Banzi ni lile pande la kwanza la gogo, lenye gome upande mmoja, ambalo msumeno hulitupa. Nyumba za mabanzi ziko kila mahali kuanzia Mafinga hadi Makambako, na zinadumu kuliko anavyodhani mtu wa mjini. Wazo la baba mdogo likashinda, kwa sababu lilikuwa la bei ya katikati na halikumhamisha bibi.

Likaja swali la kati. Fundi tuliyempata alisema nailoni, bila kufikiri mara mbili. Nailoni nyeusi, ile ya kuweka juu ya msingi na chini ya jamvi, iviringishwe nyumba nzima, mbao zipigiliwe juu yake, mchezo umekwisha. Binamu yetu aliyeko Kanada akamuunga mkono na kututumia picha ya nyumba ya jirani yake ikiwa inajengwa: imefunikwa shuka jeupe kutoka juu hadi chini, mbao zinasubiri. "Huku hakuna nyumba isiyovishwa plastiki," aliandika. Picha ile iliwatuliza watu wengi kuliko maelezo yangu yoyote.

Nikaanza kusoma. Tunachokiita nailoni si nailoni, ni politheni, na ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza, jaribio la kitu kingine kabisa lilipoacha masalia meupe kama nta. Haipitishi maji, haipitishi mvuke. Chini ya jamvi ndipo inapostahili, maana pale unyevu una njia moja tu, ya kupanda. Kwenye nchi za baridi waliipa kazi ya pili. Ndani ya nyumba zao kuna joto, watu wanapika na kuoga, mvuke unasukuma kuelekea nje. Ukikutana na baridi ya theluji katikati ya ukuta unageuka maji na kuozesha mbao. Kwa hiyo wakaiweka upande wa ndani, upande wa joto, kuuzuia mvuke usiingie ukutani. Hiyo ni dawa ya ugonjwa wa Kanada. Bibi yangu analala madirisha wazi.

Shuka jeupe la kwenye picha nalo halikuwa nailoni. Wamarekani tangu zamani, chini ya mbao za ukuta, waliweka karatasi nzito iliyoloweshwa lami, na tangu 1967 kampuni ya DuPont inauza kitambaa kiitwacho Tyvek, cha nyuzi za politheni zilizobanwa pamoja. Vyote viwili vina sifa moja: tone la mvua halipiti, mvuke unapita. Kwa hiyo hata Kanada, upande wa nje, chini ya mbao, hawafungi. Wanakinga. Binamu alituma picha sahihi na kuiwekea maelezo ambayo si yake. Nilipomwambia alicheka, akasema yeye anafanya kazi hospitali, asiulizwe mambo ya kuta.

Kuiviringisha nailoni nyumba ya babu kungekuwa ni kupiga ile lipu ya 1980 kwa mara ya pili, safari hii bila hata nyufa za kupumulia. Nilimweleza fundi hivyo. Naye, lazima nimtendee haki, hakukasirika. Alikwenda akabandua kipande cha lipu chenye ukubwa wa sinia, akaweka kiganja kwenye tofali, akakaa kimya, halafu akasema, "Hii inatakiwa ianikwe kwanza, siyo ivalishwe." Kuanzia hapo alikuwa mwalimu wangu zaidi kuliko vitabu.

Tyvek Chunya haipo, na kuiagiza kungekula pesa ya mbao zenyewe. Karatasi ya lami inapatikana Mbeya, kwa vipande. Mtu mmoja alipendekeza viroba vya unga vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja, wazo ambalo si la kipuuzi kama linavyosikika, ila viroba vingi siku hizi vimepakwa plastiki kwa ndani, na jua linavimaliza. Tukabaki na swali ambalo wajenzi wa upenu mrefu walishalijibu: kwa nini kitu chochote kiuguse ukuta? Mbao zenyewe ndizo kinga. Zikikaa mbali na ukuta inchi mbili, juu ya papi zilizosimama wima, mvua itapiga mbao, tone litakalopenya litateremka nyuma yake bila kufika kwenye tofali, na upepo utaingia chini, utoke juu chini ya upenu. Kinga yetu ni hewa. Fundi anaiita njia ya upepo, na anaidai pesa kama vile ni bidhaa, kwa sababu papi nyingi zaidi zinahitajika.

Kazi ikawa hivi. Lipu yote ya saruji ibanduliwe taratibu kuanzia chini, pande moja baada ya nyingine, kuta zikiwa zimetegemezwa kwa magogo. Tofali zilizorudi kuwa tope ziondolewe na kujazwa mpya za udongo ule ule wa kichuguu, kwa sababu ukiziba pengo kwa bloku ya saruji unahamisha tatizo kwa jirani yake. Ukuta uachwe wazi kiangazi chote, uanikwe. Kisha usiribwe kwa udongo na chokaa. Chokaa haipo mbali, bonde la Songwe limekaa juu yake na watu wanaichoma huko tangu zamani, ile ile inayolisha kiwanda cha saruji. Mtaro wa kokoto uzunguke nyumba. Karatasi ya lami tumeinunua mita chache tu, ikatwe mikanda ya kukaa nyuma ya kila papi, ili mti usinywe unyevu wa ukuta. Mbao ziishie futi moja juu ya ardhi, zisigusane na mchwa, nasi tumezipaka oili chafu kwa usalama zaidi. Uwazi wa juu na wa chini uzibwe kwa wavu wa chuma. Bila wavu, inchi mbili hizo ni nyumba ya kupanga kwa panya, na nyoka anayemfuata panya.

Baba mkubwa alipoona hesabu alisema tungeshapata bloku za chumba kimoja. Ni kweli. Na tangu bei ya dhahabu ilipopanda upya, lami ya barabara kutoka Mbeya ilipotufikia, na soko la madini kufunguliwa hapa mwaka 2019, bloku ndizo zinazoota kila upande wa mji, na marumaru za kubandikwa ukutani juu ya vile viambaza vya zamani ambavyo wenyewe hawakutaka kuvivunja. Napita nikitazama sehemu za chini za kuta hizo. Wengine wanadhani natafuta kitu nilichodondosha.

Bibi alikuwa na swali moja tu katika mambo haya yote, na alimuuliza fundi, si mimi. Huo udongo na chokaa mtakaoupaka nyuma ya mbao, nani atausiriba mwakani? Fundi akamwambia hakuna, mama, mvua haitaufikia. Bibi akamtaka arudie. Akarudia. Ndipo akaruhusu kitanda chake kisogezwe hadi ukuta wa pili, huku akitaja masharti ya lini kirudishwe.

Mpaka ninapoandika, ukuta wa barabarani umekwisha na ukuta wa uani umebanduliwa nusu. Ile sehemu iliyovimba ilipofunguliwa ilikuwa na unyevu kiasi cha kubeba alama ya kidole, na ilichukua wiki saba kubadilika rangi. Mbao za upande wa uani bado ziko Mafinga zikikauka. Fundi anataka zifike mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu Novemba mvua inaanza, na ukuta ule kwa sasa hauna nguo yoyote isipokuwa upenu wa babu.